Mke wa Mwosha Mitungi

Ukiuliza kijijini kwetu Nigvziani ni mwanamke gani mwenye mdomo kuwashinda wote, hata mbwa wa barabarani atakupeleka kwa Lamara. Jina hilo hakulipata kwa ugomvi wa kisimani wala kwa umbea. Alilipata kwa chakula cha mchana cha mumewe.

Mumewe, Shakro, ni mwosha mitungi. Divai ya kwetu hailali kwenye mapipa. Hulala ardhini, ndani ya mitungi ya udongo mikubwa kuliko mtu, iliyozikwa mpaka shingoni kwenye sakafu ya banda, ikatokeza midomo tu. Kila vuli, kabla zabibu mpya hazijakanyagwa, lazima mtu aingie humo, asugue kuta kwa brashi ya maganda ya mti wa mcheri, amwage maji, ayateke, amwage mengine. Kazi hiyo inataka mtu mfupi, mwembamba na asiyeogopa giza. Mungu alipofika kwa Shakro alikuwa amebakiza udongo kidogo, na kijiji kikafaidika. Baba yake alikuwa mwosha mitungi, babu yake vilevile, na hakuna nyumba ya Nigvziani ambayo Shakro hajaingia chini ya sakafu yake.

Lamara alitoka kijiji cha juu, binti wa mchunga kondoo, mrefu hata akikaa. Siku ya harusi yao wapiga zumari walishindwa kupuliza kwa kicheko. Ufagio umeolewa na ndoo, watu walisema. Lakini ufagio na ndoo hukaa kona moja, na hao wawili wamekaa kona moja tangu enzi ya mashamba ya serikali. Wamelea mabinti wawili wakawaoza mjini, wakabaki na ng'ombe, mizabibu michache na mti wa jozi unaozaa mwaka huu na kununa mwaka ujao.

Sasa habari ya chakula. Kila Shakro akiwa chini ya sakafu ya watu, adhuhuri Lamara hutokea na furushi lake. Angempa tu akaondoka, tungesema mke mwema. Lakini kwanza huinama juu ya mdomo wa mtungi, akaingiza kichwa mpaka mabegani, akatulia humo. Kisha siku nyingine utamsikia akisema, "Haya, toka ule, chakula kinapoa," na siku nyingine, tena mara nyingi, "Shakro, mtungi huu haujakutoa jasho bado." Na Shakro hujibu kutoka chini, kila mwaka neno lile lile, "Mwanamke, chakula hakishuki bila maneno?" Halafu utasikia brashi ikianza upya.

Watu walicheka. Mwanamume anafuatwa kazini na mkewe hata ndani ya udongo. "Anamwonea wivu nani humo chini?" wanawake waliulizana. "Labda buibui." Wanaume walimhurumia Shakro, wakamjazia bilauri. Lamara aliyasikia yote, akakunja kitambaa chake, akarudi nyumbani.

Ambalo kijiji hakikulijua ni hili. Majira ya baridi ya ile homa kubwa, miaka kadhaa sasa, Shakro alilala kitandani hadi theluji ilipoyeyuka. Alipoinuka alionekana mzima. Asubuhi moja Lamara alikuwa akitoka zizini, akasikia harufu ya maziwa yanayoungua tangu kwenye ua. Alipoingia jikoni alimkuta mumewe amekaa kando ya jiko, sufuria linafuka moshi karibu na kiwiko chake, naye anatazama dirishani kwa amani ya mtu aliyetoka kanisani. Lamara alilichukua sufuria, akalipeleka nje, akalisugua kwa majivu. Hakusema neno. Siku zilizofuata alimpima kwa siri. Alimwekea kitunguu saumu kilichopondwa chini ya sahani. Shakro akala bila kuinua pua. Alipika maharage bila bizari hata chembe, naye akasema, "Leo bizari imekolea."

Hapo Lamara aliumia kweli. Mtu hadanganyi juu ya bizari ila kuna kubwa analolificha.

Maana mwosha mitungi ni pua. Macho yataona ukuta mweupe, mkono utagusa udongo laini, lakini uchachu hujificha kwenye vitundu vya udongo kama deni la ukoo, na ukimimina zabibu juu yake, mavuno ya nyumba nzima yatageuka siki kabla ya Pasaka. Ndiyo maana tuna desturi. Mtungi ukisafika, mwoshaji huteka maji ya mwisho kwa kata ya kibuyu, akayanywa mbele ya mwenye nyumba; kisha mwenye nyumba naye anakunywa; na hapo hakuna tena wa kuuliza. Mwenye nyumba kuinama na kunusa kabla mwoshaji hajanywa ni tusi. Ni sawa na kumwambia kasisi arudie ubatizo.

Lamara aliyajua haya, na alijua pia kwamba Shakro akitamka kuwa pua yake imekufa, hatabaki na jina. Atakuwa mzee mfupi tu mwenye ng'ombe mmoja. Basi funika kombe mwanaharamu apite. Vuli ya kwanza baada ya homa alifunga mkate na jibini, akapanda kwa jirani, akainamisha kichwa chake mtungini akijifanya anamtafuta mumewe. Akasikia harufu ya ukungu. Hakuwa na neno la kusema mbele za watu, likamtoka hilo la jasho. Shakro akafoka, akasugua tena, mtungi ukapona. Tangu siku hiyo mume akabaki na jina lake zuri, na mke akapata lake baya. Lamara aliona bei hiyo ni nafuu.

Jambo moja tu lilimsumbua: kwamba mzee yule, humo gizani, aliamini kuwa anafanya kazi peke yake.

Vuli hii mambo yaliharibika kwa sababu ya jozi. Lamara alipanda ngazi kuzipura, ngazi ikateleza, akashuka pamoja nayo. Mfupa haukuvunjika, lakini kifundo kilivimba kama boga, akakifunga kwa kitambaa kilicholowekwa kwenye gongo la makapi ya zabibu, akaambiwa asikanyage chini. Na wiki hiyo hiyo Shakro akaitwa na Natela.

Natela ni mjane wa Tedo. Tangu mumewe afe, alikuwa akiuza zabibu zake zote kiwandani, maana mwanamke peke yake na binti mmoja atakanyaga nini na kunywa na nani. Mtungi mkubwa wa Tedo ukaachwa na machicha chini, misimu miwili, hakuna aliyeufungua. Lakini sasa binti yake Pikria amechumbiwa na kijana wa Tbilisi, harusi ni baada ya Pasaka, na Natela aliapa kwamba binti wa Tedo hatatoka nyumbani kwa divai ya kununua. Zabibu zote za mwaka huu, kila kichala, zitaingia kwenye mtungi ule mmoja. Na wakwe wenyewe wanakuja Jumamosi kutoka mjini kuvuna, kukanyaga na kula.

Ijumaa Shakro aliutia mtungi chokaa. Jumamosi alfajiri alikuwa mlangoni akifunga kamba za buti.

"Leo ni maji ya mwisho kwa Natela," alisema.

"Najua."

"Mtungi wa marehemu. Ulikuwa umeoza kabisa chini kule."

"Umeshasema, bwana we. Jana mara tatu."

Shakro alimaliza buti moja, akaangalia la pili kana kwamba hakuwahi kuliona. "Mguu je?"

"Mguu si huu unauona? Usinitegemee leo. Natela atakulisha, ana wageni, atachinja."

"Chakula cha Natela hakina ladha."

Lamara aligeuza uso ukutani. Mtu ambaye kwake mchuzi na maji ya moto ni kitu kimoja, leo anachagua wapishi. Alitaka kucheka na hakuweza. "Kula hivyo hivyo," alimwambia. "Usimwaibishe mwenzio mbele ya wakwe."

Shakro alisimama mlangoni kidogo zaidi ya mtu anayeondoka. Kisha akachukua brashi yake, akaenda.

Lamara alikaa kwenye benchi la uani, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bondeni mavuno yalikuwa yamepamba moto. Sauti za watu zilipanda kutoka kwenye mistari ya mizabibu, matrekta yalikuwa yakilalama njia nzima kuelekea kiwandani, na juu ya yote milima ilikaa na theluji yake mpya. Siku nzuri hivyo, na roho yake haikutulia. Kwa mawazo alimwona Shakro akisugua. Alimwona akipapasa ukuta kwa kiganja, akisema moyoni safi. Alimwona akiinua kata na kunywa maji ambayo yangeweza kuwa siki tupu na yeye asijue. Kisha akaiona Pasaka, Natela akifungua mtungi mbele ya wakwe, na uso wa Pikria. Watu wangeuliza swali moja tu: aliuosha nani?

Angemtuma nani? Na aende akaseme nini? "Nenda kanuse kwa niaba yangu"? Kusema hivyo ni kumvua Shakro nguo barabarani. Mficha maradhi kifo humuumbua, Lamara alijiambia, na tulioficha ni wawili.

Jua lilipofika juu ya mti wa jozi aliinuka, akavaa nguo yake ya kanisani kwa heshima ya wakwe. Aliweka maharage kwenye chungu kidogo, mkate, jibini, kitunguu, akafunga yote kwenye kitambaa. Akachukua fimbo ya kuswagia ng'ombe, akachechemea hadi barabarani, akasimama katikati. Trekta la kwanza kupita lilikuwa la Mikho, kapera wa miaka hamsini, akirudi kutoka kiwandani na trela tupu.

"Mama Lamara," Mikho alisema akifunga breki, "hata kwa mguu mmoja? Muache mwanamume apumue walau vuli moja."

"Shika usukani, Mikho. Unapita kwa Natela."

"Mimi nikioa nitatafuta bubu."

"Utampata. Atakayekukubali wewe itabidi awe kipofu pia. Nisaidie kupanda."

Alimsaidia, akicheka mpaka kofia ikamdondoka. Njia nzima trela liliruka kwenye mashimo na kila shimo liliingia kwenye kifundo cha Lamara. Alikumbatia chungu cha maharage, akauma meno. Aliomba kitu kimoja tu, asikute kata imeshanyanyuliwa.

Mwosha mitungi huimba akiwa chini. Si kwa furaha. Ni ili walio juu wajue bado anapumua, maana hewa ya mtungi ina hila. Kwa hiyo trekta lilipozimwa langoni kwa Natela, Lamara alitega sikio kabla ya kushuka. Wimbo ulikuwepo. Ulitoka bandani, umekauka, unakwaruza, sauti ya mtu aliyeimba tangu asubuhi bila kupumzika. Bado yumo, basi. Lamara alishusha pumzi.

Uani kulikuwa na kitu kama msiba wenye nyama. Vikapu vya zabibu vilikuwa vimerundikana kando ya hori la kukanyagia, lile gogo refu lililochongwa na babu yake Tedo, na nyigu walikuwa tayari wamezigundua. Mishikaki ilikuwa imeshushwa kwenye makaa na mafuta yameanza kuganda. Baba wa bwana harusi, Guram, bwana mnene mwenye shati jeupe, alikaa kwenye kigoda, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu imeoshwa inang'aa, hana pa kuikanyagia. Mkewe alikuwa akimpungia nzi kwa gazeti.

Natela alimjia Lamara mbio, aproni imesokotwa mikononi.

"Lamara, nife mimi badala yako, njoo umtoe mumeo. Sijui nimemkosea nini. Tangu saa ngapi anasema bado, mara kamba mbaya, mara taa, mara maji ya moto hayatoshi. Nimempelekea nyama, kaikataa. Nimempelekea mkate umetoka tanurini sasa hivi, Pikria kauoka kwa mkono wake, kaukataa. Wakwe wanaona. Mtu gani anakataa mkate wa nyumba ya watu?"

"Anasemaje?"

"Eti chakula chake hakijafika."

Lamara alisimama na fimbo yake. Alikuwa amemwambia Shakro asubuhi kwa maneno mazima: usinitegemee. Shakro ni mfupi lakini si kiziwi. Sasa mzee huyu alikuwa akingoja nini?

"Mama," Guram alisema kutoka kigodani, kwa adabu ya mtu mwenye njaa, "kama unayo dawa yake mpe. Miguu hii niliiosha nikiwa kijana."

"Vumilia, baba," Lamara alimjibu. "Zabibu hazijali umri."

Bandani kulikuwa na ubaridi na mwanga mdogo. Mdomo wa mtungi ulikuwa wazi katikati ya sakafu, ngazi imeegemea ndani, ndoo na kamba kando. Lamara alijaribu kuinama kama siku zote, mguu ukakataa. Basi akaweka fimbo chini, akalala kifudifudi juu ya sakafu ya udongo, mwanamke mzima na nguo yake ya kanisani, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa mtungi. Wimbo ukakatika.

Alifumba macho. Kwanza ilikuja chokaa. Kisha udongo uliolowa, kisha nta ya nyuki ya zamani iliyopakwa kwenye kuta, tamu kidogo. Akangoja. Na chini ya hizo zote, nyembamba kama uzi, ikaja siki.

Alipofumbua macho Shakro alikuwa akimtazama kutoka chini, taa miguuni, uso mwekundu, nywele zimenata kwenye paji. Jasho lilikuwa limemtoka la kutosha kuosha kijiji.

"Umechelewa," alisema.

"Mguu."

"Najua."

Nyuma yake Lamara alisikia watu wakikusanyika mlangoni, na Mikho akimnong'oneza Guram, "Sikiliza sasa, sikiliza." Walitaka mchezo wao wa kila mwaka. Lamara hakuwa na neno jingine la kuwapa.

"Shakro," alisema, "mtungi huu haujakutoa jasho bado."

Mlangoni wakaangua kicheko. Wakanyamaza kungoja jibu, lile la chakula na maneno ambalo hata watoto wanalijua. Halikuja. Shakro aliinua taa, akaisogeza polepole kwenye ukuta wa mtungi, huku macho hayamtoki mkewe.

"Upande gani?" aliuliza.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza. Lamara alikuwa amelala na tumbo juu ya udongo, kichwa ndani ya ardhi, na ilikuwa bora hivyo, kwa sababu walioko mlangoni waliona visigino vyake tu.

"Kushoto kwako," alisema. "Chini. Karibu na kitako."

"Hapa?"

"Chini zaidi. Hapo."

Shakro alipiga magoti, akaanza kusugua. Pikria aliteremsha maji ya moto, Mikho akavuta ndoo, na safari hii hakuna aliyecheka, ingawa hakuna aliyejua kwa nini. Lamara hakuinuka. Maji yalipotekwa alivuta pumzi tena, akasema bado. Shakro akasugua tena, amelala ubavu, mguu mmoja ukutani. Maji mengine yakashuka, yakapanda. Lamara alinusa. Siki haikuwepo. Alingoja, akiitafuta kila kona kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, na haikuwepo. Kilichobaki ni harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi la ua.

"Haya," alisema. "Toka ule. Chakula kinapoa."

"Kumbe anatoka," Natela alisema, akajifuta macho kwa aproni.

Shakro alipanda ngazi, akachomoza kichwa, kisha mabega, kisha Shakro mzima, na huyo mzima si mwingi. Alisimama akinyoosha mgongo. Kisha akachukua kata ya kibuyu yenye mpini mrefu, akaizamisha mtungini kwenye maji ya mwisho yaliyobaki, akaitoa imejaa. Watu wote wakasogea, Guram na miguu yake mitupu mbele, kwa maana alikuwa ameshasimuliwa desturi na hakutaka kupitwa.

Shakro aliinua kata, akaifuta ukingo kwa mkono wa shati. Kisha akageuka, akampa Lamara, aliyekuwa amekaa sakafuni bado.

Lamara alimtazama mumewe asielewe, halafu akaelewa, akatikisa kichwa kidogo sana, kumkataza. Mkono wa Shakro haukurudi.

"Si mlisema anayeanza ni mwoshaji?" Guram aliuliza.

"Ndiyo," Shakro alijibu. "Mwoshaji ndiye anayeanza."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kata juu ya goti la Lamara. Aliipokea kwa mikono miwili, akanywa. Maji yalikuwa baridi na hayakuwa na ladha ya kitu chochote, na ndivyo yanavyotakiwa. Kisha Shakro akanywa yeye, kisha ikawa zamu ya mwenye nyumba.

Natela aliishika kata bila kuinywa. Alimtazama Shakro, akamtazama Lamara, na vumbi lililokuwa kwenye nguo yake ya kanisani. Alikuwa na mitungi miwili midogo ambayo Shakro aliwaoshea enzi ya Tedo, baada ya ile homa. Yeye na mumewe walicheka mlangoni hapa hapa, siku ambayo Lamara alisimama hapa na mkate wake. Divai ya mwaka ule ilikuwa nzuri kuliko zote. Uso wa Natela ukabadilika taratibu.

"Siri ya mtungi aijuaye ni kata," alisema kwa sauti ya chini, akanywa mpaka mwisho. Kisha akageuka. "Haya, mkwe. Miguu ioshwe tena."

Walikanyaga alasiri yote, Guram akiimba na kuteleza, mkewe akipiga kelele kwamba shati, shati. Maji ya zabibu yalitiririka hadi kwenye mtungi wa Tedo pamoja na maganda na mbegu. Mezani Natela alimkalisha Lamara mahali pa heshima, karibu na wageni, mguu wake kwenye kigoda chenye mto. Guram, aliyekuwa amechangamka, alianza kisa cha mke mmoja wa Tbilisi aliyemfuata mumewe mpaka bafuni kumpa maagizo. Natela alimkatia pande la mkate, akamwekea mkononi. "Kula, mkwe," alisema. Kisa hakikumalizwa. Mikho, aliyekuwa upande wa pili, alimmiminia Lamara divai ya mwaka jana bila kufanya mzaha wowote, jambo ambalo kwa Mikho ni sawa na kuomba radhi.

Jioni aliwarudisha kwa trela. Alikwenda polepole, akikwepa mashimo. Wazee wawili walikaa nyuma juu ya gunia, migongo kwenye ubao, na kati yao chungu cha maharage kilichokwisha. Njia nzima ilinukia zabibu zilizopondwa na magurudumu. Lamara alingoja mpaka wakapita kanisa.

"Tangu lini?" aliuliza.

Shakro hakujifanya haelewi. "Tangu maziwa."

"Maziwa yale?"

"Uliingia, ukachukua sufuria, ukatoka nalo. Hukunifokea." Alikuna shavu. "Wewe. Umenifokea siku ya harusi kwa kukanyaga kitambaa chako. Umenifokea nikiwa na homa kwamba nakohoa ovyo. Nikaunguza maziwa ya ng'ombe mzima na ukanyamaza. Nikasema moyoni, basi, pua yangu imekufa kweli, maana mpaka Lamara ameionea huruma."

Lamara alitazama milima. Ilikuwa imeanza kuwa ya waridi. Miaka yote hiyo alimwonea uchungu mtu aliyekuwa peke yake gizani, na mtu huyo alikuwa akisikiliza hatua zake juu ya sakafu, kila adhuhuri, akingoja.

"Ungeniambia," alisema.

"Nawe ungeniambia."

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo alilikasirikia. Trekta lilisimama langoni. Mikho aliwateremsha mmoja mmoja, akaaga kwa heshima. Shakro alimpa mkewe bega, bega fupi linalomfaa vizuri mtu mwenye kifundo kibaya, wakavuka ua hivyo hadi kizingitini. Hapo Lamara alisimama, akakunja uso.

"Vua hayo mabuti huku nje," alimwambia. "Yananuka, hayaingii nyumbani kwangu."

Shakro alikaa kwenye ngazi, akafungua kamba. Alilivua buti la kwanza, akalileta puani, akavuta pumzi ndefu, akaliweka chini kando ya mlango.

"Sisikii kitu," alisema. "Lakini nakuamini."